Chini ya Jina la Baba

Jalada lilikuwa tupu, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Zinash Mekuria tangu asubuhi. Mtu anayeiba karatasi huzichukua pamoja na jalada lake, akalitia kwapani na kutokomea. Huyu alichomoa karatasi zote, kisha akaliacha jalada mahali ambapo hata kipofu angelipapasa: ndani ya droo ya Gashe Lemma, yaani Mzee Lemma, mtunza nyaraka, juu kabisa, juu ya miwani yake ya kusomea.

"Lilikuwa hivi hivi?" aliuliza.

"Hivi hivi," alijibu Bi Hirut Dagne, mkurugenzi wa ofisi ya Mfuko wa Sandell hapa Addis Ababa. "Sikuligusa. Nilipiga simu polisi papo hapo."

"Ulifungua droo ya mzee ukitafuta nini?"

"Kalamu."

Mezani palikuwa na kikombe, na kikombeni palikuwa na kalamu tano. Zinash alizihesabu, akaandika "kalamu" kwenye daftari lake na kuipigia mstari. Mstari mmoja tu, kwa sababu huenda mama huyu alikuwa mbea wa kawaida, na umbea haujawahi kumfunga mtu.

Mfuko wa Sandell ulianza kuwapeleka vijana wetu kusoma Uswidi mwaka 1962, kwa kalenda yetu ya Ethiopia. Sasa unatimiza miaka hamsini, na Bi Hirut alikuwa ameandaa maonyesho: fomu ya maombi ya kila mmoja wa wale kumi na wawili wa kwanza, pamoja na picha yake ya ujana, vibandikwe ukutani wageni wavitazame. Fomu kumi na moja zilipatikana. Ya kumi na mbili, iliyokuwa kwenye jalada D-17, ndiyo iliyoyeyuka. Nayo haikuwa ya mtu wa hivi hivi. Ilikuwa ya Dakta Desta Wubishet, mwenyekiti wa bodi, ambaye bango la sura yake lilimpokea kila aliyepanda ngazi za jengo lile.

Gashe Lemma alikamatwa Jumanne. Leo Alhamisi, saa nane mchana, lazima apandishwe mahakamani, na Zinash ndiye atakayesimama mbele ya jaji kusema: abaki ndani, au aende nyumbani. Mzee ana miaka sitini na minane na kifua kibovu. Siku kumi na nne nyingine juu ya saruji ya kituo cha polisi zingetosha kummaliza.

"Ana kinyongo," Bi Hirut alisema. "Mwisho wa mwezi tunamstaafisha. Aliniambia usoni: mtanikumbuka."

"Kila anayestaafishwa husema hivyo. Funguo za chumba hiki ziko ngapi?"

"Mmoja. Unaning'inia kiunoni kwake kama hirizi. Na kitabu cha wageni hicho hapo. Wiki tatu hizi wameingia watu wawili tu, wanafunzi wa chuo, na wote walikuwa na mimi."

"Hakuna mwingine?"

"Kitabu kinasema wazi, Inspekta."

Kitabu kilisema wazi mno. Zinash hakupenda vitabu vinavyosema wazi. Alivua koti, akamwomba Bi Hirut kiti, na akaanza kupekua droo moja baada ya nyingine. Majalada yalipangwa kwa jina la mtu mwenyewe, kama ilivyo desturi, na kila droo ilikuwa na orodha iliyopigwa taipu na kubandikwa upande wa ndani. Alisoma orodha, akahesabu majalada, akasonga mbele. Kazi ya kuchosha, lakini nusu ya upelelezi ni kukaa kwenye kiti mpaka makalio yafe ganzi.

Kwenye droo ya K aliinua kichwa.

"Bi Hirut, njoo uone."

Orodha ilikuwa na mistari ishirini na miwili. Mstari wa tisa haukuwepo. Ulikwanguliwa kwa wembe, polepole, mpaka karatasi ikabaki nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Na kati ya K-8 na K-10 hapakuwa na jalada.

Bi Hirut alishika mdomo. Mshtuko ule ulikuwa wa kweli; Zinash alikuwa ameona mishtuko mingi ya kughushi na aliijua tofauti.

"Huyu alikuwa nani?"

"Sijui. Wallahi sijui. Mimi nimekuja miaka sita tu iliyopita."

"Basi niambie kitu kimoja. Mzee mwenye kinyongo anamharibia mwenyekiti maonyesho, nakubali. Sasa huyo mzee anatafuta nini kwenye droo ya K?"

Zinash alivaa koti lake. Ilikuwa saa nne na nusu.

*

Gashe Lemma aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amejitanda shuka lake jeupe hadi masikioni. Alikohoa, akaomba radhi, akakohoa tena.

"Umelala, Gashe?"

"Na saruji? Saruji haikubali mtu alale, mwanangu. Kila ukigeuka inakutajia umri wako."

"Leo saa nane tuko mahakamani. Nisaidie nikusaidie. Nani aliingia chumba cha nyaraka?"

"Aliyeingia kaandikwa."

"Na asiyeandikwa?"

Mzee alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya karani wa zamani, kidole cha kati kimeota sugu ya kalamu.

"Gashe, mimi si Bi Hirut. Nimeona K-9 haipo."

Hapo alishtuka. "K-9 nayo?"

"Na imekwanguliwa kwenye orodha. Wewe ndiye uliyeipiga orodha ile taipu?"

"Mimi, kwa vidole hivi. Nani amethubutu kuikwangua?" Alisema kwa uchungu zaidi kuliko alivyowahi kulalamikia saruji. Kisha akavuta shuka, akashusha sauti. "Sikiliza. Wakubwa hawaandikwi. Utamwambia mwenyekiti wa bodi, samahani mheshimiwa, tia sahihi hapa? Ijumaa iliyopita alikuja, akaniomba ufunguo. Nikampa, nikateremka kunywa chai. Nilipopanda akanirudishia, akaniuliza wajukuu hawajambo."

"Ulikunywa chai ngapi?"

"Mbili. Na ya pili ilikuwa ya moto."

"Kwa nini hukusema Jumanne?"

"Niseme nini? Karani kasema hivi, daktari kasema vile. Wangeniongezea na kosa la kumpaka mtu matope."

Alikuwa sahihi, na Zinash alilijua hilo. Mbele ya jaji, maneno ya mzee bila karatasi ni kikohozi tu. Alijaribu upande mwingine.

"K-9 alikuwa nani?"

"Kundi la kwanza, aliyekosa. Waliopata nawajua wote kwa majina, ila waliokosa walikuwa mia na zaidi. Nani anawakumbuka?"

"Hakuna orodha nyingine popote?"

"Hakuna. Labda ulihesabu kabati la Bi Ingegerd, na lile si orodha, ni kichekesho." Uso wake ulilegea kidogo. "Alikuwa katibu wetu wa kwanza, ferenji, mzungu wa Uswidi, mwanamke mwema sana. Alipofika alitengeneza kadi zake mwenyewe. Sasa kwao, jina la pili ni la ukoo. Basi akatupanga watu wote chini ya baba zetu! Unamtafuta Almaz, unamkuta Negash. Unamwita mtoto, anaitika marehemu. Siku ya kwanza tulicheka mpaka mwenzetu akapaliwa na mkate. Hakuna aliyewahi kulitumia."

Zinash alikuwa ameshasimama. "Liko wapi?"

"Lipo jikoni ofisini. Wanaweka birika juu yake."

*

Ilikuwa kweli. Kabati dogo la mbao, lenye droo fupi fupi za kadi, lilisimama pembeni mwa jiko likiwa na birika la umeme kichwani na alama za vikombe vya miaka mingi. Zinash aliliondoa birika, akawasha taa, na kabla ya kugusa chochote akainama kutazama vumbi.

Droo zote zilikuwa na vumbi kwenye vishikio, vumbi la mafuta, la kunata. Zote isipokuwa mbili. Kishikio cha D kilikuwa kimefutwa na vidole. Na cha K vilevile.

Kumbe mwenyekiti alilijua kabati hili. Alipita hapa pia. Hata hivyo alivaa glovu akavuta D: Dagne, Demissie, Dinku, Dubale. Hakuna Desta. Akavuta K: Kassaye, Kebede, Kinfe. Hakuna kitu. Alisimama pale akiitazama saa ya ukutani. Saa sita kasoro. Amemaliza kila kitu, alijisemea, amenipiga bao.

Halafu akaanza kucheka peke yake, mkono mdomoni, kama mwehu.

Gashe Lemma alikuwa amemweleza kwa kirefu, neno kwa neno, watu wamepangwa chini ya baba zao, na yeye bado mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye D. Mkono ule ulizaliwa hapa. Ulifundishwa kwamba Desta ni Desta, na Wubishet ni mzee mwingine kabisa, mwenye mambo yake. Na mkono wa yule aliyetangulia ulikuwa umezaliwa hapa hapa. Alivuta D, akavuta K, akaona hakuna kitu, akaenda zake ameridhika kwamba ferenji hakuacha chochote.

Kishikio cha W kilikuwa na vumbi lake lote. Alilipiga picha kwanza. Kisha akavuta.

Kadi mbili zilisimama bega kwa bega, zimebanwa kwa pini moja iliyoshika kutu. Ya kwanza: Wubishet, Desta. Picha ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na minane hivi, nywele zimesukwa mistari hadi kisogoni, macho yamemkazia mpiga picha kana kwamba anamdai jibu. Chini yake, kwa Kiamhari cha kujifunza ukubwani, Bi Ingegerd aliandika: "Amepita. Wa kwanza kati ya wote. Baba bado anasitasita."

Ya pili: Wubishet, Kifle. Kijana wa kiume, nyusi ya kushoto imekatwa katikati na kovu. "Hakupita. Kaka wa huyu."

Nyuma ya kadi ya msichana palikuwa na nakala ya barua ya uteuzi kutoka makao makuu kule Uswidi, ambako hakuna aliyewahi kumwona mwombaji, na ambako jina Desta halikuwaambia kama ni la mwanamume au la mwanamke. Ilianza hivi: "Mpendwa Bwana Desta Wubishet."

Zinash alitoka hadi kwenye ngazi, akasimama mbele ya lile bango. Mvi, miwani, tai ya hariri. Na nyusi ya kushoto, imekatwa katikati.

*

Dakta Desta alimpokea sebuleni kwa heshima zote, akasimama mpaka mgeni akae. Saa sita na nusu. Kwenye kiti cha pembeni palikuwa na magazeti matatu yaliyofunguliwa penye habari za maonyesho.

"Nasikia mmempata mwizi," alisema. "Masikini Lemma. Nimefikiria sana, Inspekta. Mwachieni tu. Mimi nimemsamehe."

"Ukimsamehe, atatoka akiwa mwizi aliyesamehewa."

"Afadhali hivyo kuliko jela."

"Afadhali kwa nani, Dakta? Ijumaa ulikuwa chumba cha nyaraka."

"Nani kasema? Mmetazama kitabu cha wageni?"

"Nimetazama. Kwa kitabu kile, hujawahi hata kufika jengo lile." Zinash alifungua bahasha. "Ulipokuwa unasoma shule ya sekondari, ulikuwa na ndugu mwingine darasani?"

"Familia yetu ilikuwa kubwa."

"Aitwaye Kifle?"

Dakta hakutikisika. Alichofanya ni kuvua miwani na kuifuta, jambo ambalo watu hufanya wakitaka mikono yao iwe na kazi. Zinash aliweka kadi mbili mezani, ndani ya plastiki, zikimtazama yeye.

Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyehutubia mikutano mingi. "Karatasi za ferenji hizi. Walikuwa wanachanganya majina yetu kila siku. Picha ya huyu wanaibandika kwa yule. Ukipeleka hii mahakamani watakucheka, binti yangu."

"Huenda. Nyusi nazo wanachanganya?"

Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Mwanamke mzee, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, aliingia na bakuli la shayiri ya kukaanga na kuliweka mbele ya mgeni. "Karibu, kula, mwanangu," alisema. "Usikae mdomo mtupu." Kisha macho yake yakaangukia meza. Mkono wake ulibaki kwenye ukingo wa bakuli.

"Etiye, tuache kidogo," alisema Dakta upesi. "Tuna kazi."

Hakusogea. "Mama alinisuka asubuhi ile," alisema. "Nililia, alikuwa anavuta sana. Nilikuwa nimesahau kwamba walinipiga picha."

Zinash alijikuta anaongea kwa upole ambao hakuupanga. "Jina lako nani, mama?"

"Hapa nyumbani mimi ni Etiye tu, shangazi wa watu. Watoto wake wananiita hivyo. Majirani hivyo hivyo."

"Na kabla ya nyumba hii?"

Bibi alimtazama kaka yake.

"Desta," alisema bibi.

"Baba ndiye aliyeamua!" Dakta alilipuka, na sauti ya mikutano ikamtoka. "Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Alisema msichana haendi peke yake kwenye baridi ya watu. Barua ilisema Bwana, akasema basi hiyo ni bahati ya nyumba, isipotee. Ningefanya nini? Nimkatalie baba?"

"Na cheti changu cha shule kilikwenda naye," bibi alimwambia Zinash, kama mtu anayemalizia hesabu ya mwenzake aliyesahau tarakimu. "Niliomba ualimu mara tatu. Kila mara waliuliza: cheti kiko wapi?"

"Nilikuchukua hapa. Umekosa nini hapa?"

"Sijasema nimekosa chakula, Kifle."

Jina lile lilimkalisha chini. Zinash akarudi kwenye kazi.

"Karatasi za majalada mawili ziko wapi?"

Aliyejibu ni dada yake. "Ijumaa alinitaka niwashe makaa uani. Alisema ni risiti za zamani. Mimi ndiye niliyempepelea." Akageuka. "Na anayesemwa ni mwizi ni nani?"

"Mtunza nyaraka. Gashe Lemma. Yuko ndani tangu Jumanne, na kifua chake kibaya. Saa nane anapanda mahakamani."

"Ameiba nini?"

"Hajaiba. Aliwekewa jalada lako drooni mwake."

Bibi aliliinua bakuli la shayiri, akaliweka sakafuni. Aliyasukuma magazeti kando kwa kiganja, mpaka meza ikawa wazi. "Mpe karatasi," alimwambia Zinash.

"Dada, nina miaka sitini na tisa," alisema Dakta. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Kila nilichonacho kina jina hili. Watoto wangu wanalo. Likianguka hili, mimi ni nani?"

"Sijui. Mimi nimekaa miaka hamsini bila kujua, na sijafa." Alisema bila ukali wowote. "Andika, mzee wa watu atoke. Na mwisho utie jina lako. Langu nimechoka kukuazima."

Aliandika ukurasa mmoja na nusu. Zinash alimsomea, akarekebisha tarehe, akamwonyesha mahali pa sahihi. Kalamu iligusa karatasi ikaanza herufi iliyoizoea, ile ya mikataba na shahada na hundi, ikasimama. Aliikata. Akaandika Kifle Wubishet, polepole, herufi moja moja, na mistari ilipinda kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Ilikuwa saa saba na dakika kumi. Kwenda mahakamani ni dakika thelathini, kama hakuna msongamano pale mzungukoni.

"Panahitajika shahidi," alisema Zinash. "Mtu aliyekuwepo, atie jina lake hapa chini."

Bibi alijifuta vidole kwenye kanga ya jikoni, akavuta kiti, akakaa. Alichukua kalamu akaishika vizuri, kama mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali. Hakuuliza pa kuandika. Aliandika Desta Wubishet kwa mkono ulionyooka, akapuliza wino ukauke, akamkabidhi Inspekta karatasi yake.